Picha ilipozimika siku ya maziko: kabla hujanunua kompyuta mpya, ikague drayva

Na Mwandishi Wetu, Manchester

MSIBA ukikufika ukiwa ugenini, na njia ya kurudi nyumbani imefungwa, kinachobaki ni kutuma ubani na kukaa mbele ya kompyuta. Ndivyo ilivyonitokea mwaka jana alipofariki mama yangu mkubwa huko Buyenzi, Bujumbura. Yeye ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, na mimi sijakanyaga Burundi tangu mwaka 2015. Kwenda kumzika halikuwa jambo la kufikiria.

Ndugu na majirani tunaoishi hapa tulikubaliana tukutane katika ukumbi mdogo tunaoukodi kwa shughuli zetu, tuyafuatilie maziko moja kwa moja. Mpwa wangu kule nyumbani alishika simu yake, akawa anarusha picha. Huku mimi nilikuja na laptopu yangu, nikaiunganisha na projekta ya ukumbi kwa waya wa HDMI. Watu kama thelathini walikwisha kaa, wazee mbele na nyuma kwenye viti, akina mama upande wa kulia, watoto chini kwenye mkeka.

Picha ilikuja vizuri ndani ya kidirisha kidogo. Tuliuona uwanja wa nyumba, tukaliona jeneza likitolewa ndani. Lakini mzee mmoja aliyekaa nyuma akalalamika kwamba haoni kitu. Akaniambia, "Mwanangu, hebu ikuze basi." Nikabonyeza ile alama ya kuikuza video ijae skrini nzima. Papo hapo ukuta ukawa mweusi tii. Sauti iliendelea kama kawaida: tulimsikia imamu, tulisikia takbira, tulisikia watu wakihimizana kupokezana jeneza. Picha hakuna.

Kila mtu akawa fundi. Mmoja akasema intaneti ya ukumbi ni mbovu. Mwingine akasema projekta imechoka. Wa tatu akasema ni waya. Tukabadilisha waya, tukaizima projekta na kuiwasha. Mwisho mimi mwenyewe nikafanya kosa kubwa kuliko yote: nikaizima laptopu ili niiwashe upya. Ikaanza kujisasisha yenyewe, asilimia tano, asilimia kumi, na kutuonya tusiizime. Ilipokuja kufunguka, mama mkubwa alikwisha funikwa udongo na watu walikuwa katika dua.

Sikumwona akiingia kaburini, na jambo hilo halirudi tena. Lakini wiki iliyofuata niliamua nijue ni kitu gani kilichotuzimia picha, na nilipokijua nilishangaa udogo wake. Haikuwa intaneti, wala projekta, wala waya. Ilikuwa drayva ya grafiki. Hata ile dawa ya haraka, ambayo ingetuokoa siku ile, ingechukua dakika moja tu.

Ninaandika haya kwa sababu sisi tulio mbali tunaishi kwa kutazama skrini. Harusi tunaziona humo, misiba humo, watoto wa ndugu zetu wanakua humo. Na kule nyumbani nako kompyuta tunazowatumia hutupwa au huuzwa kwa bei ya bure kwa sababu "kioo kimekufa", kumbe kioo ni kizima.

Drayva ni kitu gani?

Wataalamu wa lugha wamependekeza neno kiendeshi, lakini mafundi wetu wote wanasema drayva, nami nitasema hivyo hivyo. Kwa Kiingereza ni neno lile lile la dereva, na mfano wa dereva unaufaa mjadala huu.

Ndani ya kila kompyuta kuna chipu ya grafiki, yaani kile kipande kinachochora kila kitu unachokiona kwenye skrini. Chipu hizi hutengenezwa zaidi na kampuni tatu: Intel, AMD na Nvidia. Kila moja ina aina nyingi sana, na kila aina ina namna yake ya kuamrishwa. Windows haiwezi kuzijua zote kwa undani. Kwa hiyo yenyewe hukaa kama tajiri mwenye gari: husema tu inataka kwenda wapi. Anayejua gia za gari lile, breki zake na ubovu wake ni dereva. Drayva ni programu ndogo inayopokea amri ya Windows na kuigeuza kuwa amri ambayo chipu ile inaielewa.

Sasa, ukimpa dereva asiyelijua gari, linaweza kwenda vizuri kwenye barabara tambarare. Atashindwa pale kwenye mlima. Na kwa drayva ya grafiki, mlima wenyewe mara nyingi ni pale unapoikuza picha ijae skrini nzima.

Kwa nini izimike pale tu unapokuza?

Hili ndilo swali nililojiuliza sana. Kama picha ilikuwapo kwenye kidirisha kidogo, kwa nini ipotee ikikuzwa? Si video ile ile?

Jibu ni kwamba video ni ile ile lakini njia inayopita siyo ile ile. Ukiwa na madirisha kadhaa yaliyo wazi, Windows huyachukua yote, huyapanga na kuyaunganisha kuwa picha moja, kisha picha hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye skrini. Kazi hii imekuwa ikifanywa kwa msaada wa chipu ya grafiki tangu Windows Vista ilipoingia madukani mwezi Januari 2007. Lakini video ikichukua skrini nzima, hakuna tena madirisha ya kupanga. Mfumo unaweza kuiruhusu video ipite njia ya mkato, moja kwa moja hadi kwenye skrini, ili kupunguza kazi na kuokoa betri. Mwenye kuifungua njia hiyo ya mkato ni drayva. Ikiwa na kasoro hapo, picha huzimika, huchezacheza, au huganda huku sauti ikiendelea.

Michezo ya zamani ya kompyuta ina mlima wa namna nyingine. Mchezo uliotengenezwa kwa skrini ya nukta 800 kwa 600 au 1024 kwa 768, ukifunguliwa kwenye laptopu ya nukta 1366 kwa 768, huiomba skrini ibadilike. Drayva ndiyo inayoamua iivute picha ijae, au iiache katikati na mikanda myeusi pembeni. Wengi huiona mikanda ile wakadhani skrini imeharibika, kumbe ni uamuzi unaoweza kubadilishwa katika programu ya mipangilio inayokuja na drayva.

Waliokuwa na kompyuta za Windows XP watakumbuka kisa kingine. Ulikuwa ukiunganisha projekta, video inaonekana kwenye laptopu, lakini ukutani mahali pa video panakuwa na pembe nne nyeusi tupu. Sababu ilikuwa ile ile: video ilikuwa ikipita njia yake pembeni, na chipu nyingi za wakati ule ziliweza kuipeleka njia hiyo kwenye skrini moja tu kwa wakati mmoja.

Hata wakubwa iliwashinda

Asije mtu akadhani kwamba kukwama kwenye drayva ni ujinga wa mtumiaji. Vista ilipotoka, wateja wa Marekani waliishitaki Microsoft mjini Seattle kuhusu kompyuta zilizouzwa zikiwa na alama ya kwamba zinaiweza Vista. Mwaka 2008 barua pepe za ndani ya kampuni hiyo ziliwekwa hadharani kwa sababu ya kesi hiyo. Ndani yake kulikuwa na hesabu ya vyanzo vya kuanguka kwa Vista katika kipindi fulani cha mwaka 2007. Drayva za Nvidia peke yake zilihesabiwa kuwa chanzo cha asilimia 28.8. Za Microsoft yenyewe zilikuwa asilimia 17.9, za AMD asilimia 9.3 na za Intel asilimia 8.8.

Vista ilikuwa imebadilisha namna drayva za grafiki zinavyotengenezwa, na watengenezaji walikuwa hawajawa tayari. Hata hivyo, mabadiliko yale yale yalileta faida moja tunayoifaidi hadi leo. Chipu ya grafiki ikikaa kimya kwa sekunde mbili, Windows haisubiri kompyuta nzima ife. Huiondoa drayva, huiwasha upya, na skrini hupepesa kisha kurudi. Kwa hiyo ukiona skrini inazimika kidogo na kurudi, usianze kupiga kompyuta makofi. Hiyo ni ishara kwamba drayva imeanguka na kuinuliwa.

Na wale wanaosema "weka drayva mpya kabisa, kila kitu kitapona" nao wasikilizwe kwa tahadhari. Mwezi Machi 2010 Nvidia ililazimika kuiondoa drayva yake nambari 196.75 muda mfupi baada ya kuitoa, kwa sababu ilivuruga mwendo wa feni na kadi zikawa zinapata joto kupita kiasi. Iliyo mpya siyo lazima iwe ndiyo nzuri kwa kompyuta yako.

Maswali manne kabla ya kugusa kitu

Kosa letu pale ukumbini lilikuwa kuanza kutibu kabla ya kupima. Tulibadilisha waya na kuzima mitambo bila kujiuliza maswali manne ambayo yangetupa jibu tukiwa tumekaa.

La kwanza: je, sauti ipo, na picha inarudi ukiipunguza? Kama ndiyo, intaneti ni nzima na skrini ni nzima. Intaneti mbovu hukatisha sauti na picha, au huiacha picha ikizunguka na kusubiri. Haichagui kuzima picha kubwa na kuiacha ndogo.

La pili: je, ni programu moja au zote? Chukua video yoyote iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta, ifungue kwa programu kama VLC, uikuze. Kisha fungua video nyingine kwenye kivinjari tofauti, kwa mfano Firefox badala ya Chrome. Zote zikizimika, lawama inaielekea drayva. Ikizimika moja tu, anza na mipangilio ya programu ile.

La tatu: je, inatokea kwenye skrini ya laptopu yenyewe, au kwenye televisheni na projekta tu? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Utapewa uchaguzi wa kutumia skrini moja, zote mbili kwa picha ile ile, au kutandaza. Chagua skrini moja ujaribu, kisha nyingine. Mara nyingine kuonyesha picha kwenye skrini moja tu, badala ya zote mbili, kunatosha kumaliza tatizo.

La nne, nalo ndilo kubwa: lilianza lini, na siku hizo kilibadilika nini? Kompyuta ambayo mwezi uliopita ilikuwa ikikuza picha vizuri haikuamka tu ikaacha. Mara nyingi utakuta kulikuwa na masasisho, au mtu aliweka mfumo upya.

Dawa, kuanzia iliyo nyepesi

Ukishajibu maswali hayo, fuata ngazi hizi moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja ujaribu kukuza video kabla ya kwenda nyingine. Ukifanya mambo matatu kwa mkupuo hutajua lipi lililoponya.

Ngazi ya kwanza ni ya dharura, ya kufanya mbele ya watu. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na herufi B. Skrini itapepesa na huenda ukasikia mlio mfupi. Umeiwasha upya drayva bila kuizima kompyuta. Ningejua hili siku ile, nisingeigusa swichi.

Ngazi ya pili ni kuiambia programu iache kuitegemea chipu ya grafiki. Kwenye Chrome ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo, uzime palipoandikwa "Use graphics acceleration when available", kisha ukifunge kivinjari na kukifungua tena. Kwenye Firefox ni kwenye mipangilio ya jumla, sehemu ya utendaji: toa alama kwenye mipangilio inayopendekezwa, kisha utoe nyingine itakayotokea chini yake. Kwenye VLC ingia kwenye mapendeleo, uzime kufungua video kwa msaada wa chipu. Hii ndiyo ile dawa ya dakika moja niliyoitaja. Alinionyesha kijana wa jirani yangu anayesoma chuo, akiwa amesimama, chai mkononi. Lakini ijulikane kwamba huduma ya kwanza siyo tiba. Kazi ya chipu sasa inafanywa na moyo wa kompyuta wenyewe: laptopu hupata joto, feni hupiga kelele, na mashine dhaifu huenda ikaikatakata video.

Ngazi ya tatu ni kuitazama drayva yenyewe. Bonyeza kwa kitufe cha kulia cha mausi kwenye alama ya Windows, uchague "Device Manager", kisha ufungue "Display adapters". Hapo utaliona jina la chipu yako. Likifungue, nenda kwenye ukurasa wa drayva, usome tarehe yake. Kwangu mimi tarehe ilinieleza kila kitu: drayva ilikuwa imebadilishwa na masasisho wiki tatu kabla ya msiba, nami sikuwa na habari.

Ngazi ya nne ni kuirudisha ya zamani. Kwenye ukurasa huo huo kuna kitufe kilichoandikwa "Roll Back Driver". Kikiwa hai, kibonyeze, kompyuta itairejesha drayva iliyokuwapo kabla. Kikiwa kimefifia, maana yake hakuna ya zamani iliyohifadhiwa. Mimi nilikikuta hai. Nilirudisha, nikawasha upya, nikafungua tena msaada wa chipu kwenye kivinjari, na picha ikajaa skrini bila shida. Tahadhari moja: masasisho yajayo yanaweza kuileta tena drayva ile ile, kwa hiyo tatizo likirudi utajua pa kutazama.

Ngazi ya tano ni kuweka drayva sahihi kwa mkono. Kwa laptopu, anza na tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yenyewe, kwa kutumia jina na nambari iliyobandikwa chini yake, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huzirekebisha drayva kwa ajili ya mashine zao. Ukikosa hapo, nenda tovuti ya Intel, AMD au Nvidia. Kabla ya kuweka, tengeneza kituo cha kurejea, ambacho Windows hukiita "restore point", ili ukikosea upate njia ya kurudi nyuma.

Na kuna jambo moja la kuepuka kabisa. Ukitafuta drayva kwenye mtandao utakutana na matangazo ya programu zinazodai kukagua kompyuta yako bure. Zitakuambia drayva zako kadhaa zimepitwa na wakati, kisha zikuombe pesa. Nyingine huingiza uchafu ndani ya mashine. Drayva za kampuni nilizozitaja hutolewa bure na wenyewe, na mwenye haja hana sababu ya kupita kwa dalali.

Kwa watumiaji wa Mac, drayva za grafiki huja pamoja na mfumo wenyewe, hivyo dawa yao huwa ni kusasisha mfumo. Kwa wa Linux, za Intel na AMD kwa kawaida zimo ndani ya mfumo tayari. Wenye Nvidia ndio wanaotakiwa kuchagua kati ya drayva huria na ile ya kampuni, na wakipata kiza kwa moja wajaribu nyingine.

Laptopu iliyotumwa nyumbani

Baada ya kuyajua haya nilikumbuka malalamiko ya muda mrefu ya mpwa wangu, yule yule aliyetushikia simu siku ya maziko. Nilimtumia laptopu iliyotumika ili imsaidie masomo. Miezi miwili baadaye akaniambia, "Mjomba, kompyuta imekufa kioo, fundi anasema ninunue kingine." Bei aliyotajiwa ilikaribia bei niliyoinunulia laptopu nzima.

Safari hii nilimwomba anieleze anachokiona. Akasema maandishi ni makubwa mno, picha haijai, pembeni kuna weusi, na video inakwenda kwa kukwama. Nikamuuliza lile swali la nne: lilianza lini? Akajibu, "Fundi alipoweka Windows upya, kwa sababu ilikuwa na virusi."

Nikamwongoza kwa simu mpaka "Display adapters", akanisomea jina alilolikuta: "Microsoft Basic Display Adapter". Ndugu msomaji, ukiliona jina hilo mahali pa Intel, AMD au Nvidia, umepata jibu. Hiyo siyo drayva ya chipu yako. Ni dereva wa zamu ambaye Windows humweka pale inapokosa dereva mwenyewe, ili angalau uone kitu. Anajua kuwasha gari na kwenda mbele, basi. Hajui ukubwa halisi wa skrini yako, wala njia za kuharakisha video. Kabla ya Windows 8 aliitwa kwa jina jingine lenye herufi VGA, lakini kazi yake ni ile ile.

Drayva sahihi niliitafuta mimi huku, kwa nambari ya laptopu aliyonisomea. Nilimtumia kiungo, akaenda kuipakua kwa rafiki yake mwenye intaneti nzuri na kuileta kwenye flashi. Hili nalo lizingatiwe na sisi tulio nje tunaposema tu "pakua". Kifurushi cha drayva ya Nvidia siku hizi kinazidi nusu gigabaiti, na kwa mtu anayenunua bando la siku hiyo ni pesa nzima. Ushauri wangu ni kwamba unapotuma kompyuta nyumbani, tia na flashi yenye drayva zake zote. Mafundi wetu wanajua kuweka Windows. Wanachokikosa mara nyingi ni faili za mashine hiyo hasa.

Suala hili litaongezeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10, na mashine ambazo Windows 11 haizikubali ndizo tunazozipata hapa kwa bei rahisi na kuzipakia kwenye makontena. Baadhi ya mafundi huilazimisha Windows 11 iingie humo. Inaingia, lakini drayva ya chipu ya zamani huenda isiwepo. AMD iliacha kuzitengenezea drayva mpya za kawaida kadi zake nyingi za zamani mwezi Juni 2021, na Nvidia ikafanya hivyo kwa kizazi chake kiitwacho Kepler mwezi Oktoba mwaka huo huo. Kabla ya kulipa, uliza chipu ya grafiki ni ipi.

Siyo kila kiza ni drayva

Ni haki pia kusema pale drayva isipohusika. Filamu za huduma za kulipia zimefungwa kwa kinga iitwayo HDCP. Ikiwa televisheni, projekta au kiunganishi kilichoko katikati hakiwezi kuijibu kinga hiyo, picha huzuiwa makusudi. Ukiona video zako za kawaida zinakuzwa vizuri na filamu za kulipia tu ndizo nyeusi, usihangaike na drayva.

Vilevile, ukiunganisha laptopu na televisheni ukakuta kingo za picha zimekatwa, angalia kwanza mipangilio ya televisheni. Tabia ya kukata kingo ilitokana na televisheni za zamani za kichogo, na nyingine za sasa bado zinayo. Kwenye LG tafuta "Just Scan", kwenye Samsung tafuta "Screen Fit" au maneno yanayofanana na hayo. Ikishindikana hapo, ndipo urudi kwenye mipangilio ya drayva kurekebisha ukubwa.

Siku ya arobaini

Ilipofika arobaini ya mama mkubwa, familia ilisoma hitma kule Buyenzi na sisi tukakusanyika tena katika ukumbi ule ule. Safari hii nilikwenda jioni ya siku iliyotangulia. Niliunganisha laptopu na projekta, nikafungua video, nikaikuza, nikaiacha icheze kwa nusu saa nzima huku nikipanga viti. Masasisho niliyamaliza nyumbani, kisha nikayasimamisha kwa wiki moja.

Kesho yake, saa ya kisomo, nilibonyeza ile alama mbele ya watu wale wale, na nakiri mkono ulikuwa mzito. Ukuta ukajaa picha. Mpwa wangu alizungusha simu taratibu, tukawaona wazee mmoja mmoja, tukaiona mikeka uani na sufuria za pilau. Kisha akatembea nayo hadi makaburini, akasimama. Lile kaburi ambalo sikuliona likichimbwa wala kufukiwa lilikuwa sasa kubwa ukutani, udongo wake umekwisha kauka, na hakuna aliyeniambia niikuze wala niipunguze.

Mzee wa nyuma alinyanyua mikono, nasi tukanyanyua. Kwa hiyo ndugu yangu, kama una shughuli ya kutazama wiki hii, usingoje watu wakae. Ikuze picha leo.